Jina Lililorukwa

Kiirua,
19 Mei 2018

Baba Igoki, mkwe wetu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, ila Baba Kiende anakohoa tangu mvua ilipoanza na hataki kusikia habari za daktari. Anasema kikohozi kilimpata shambani na kitamwachia shambani. Viazi vimechanua, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Nasi tungependa kujua kama mko salama huko Embu, kama Igoki ameanza kuota meno, na kama Kiende anapumzika au bado wanampa zamu za usiku pale zahanatini. Amekuja kututembelea, na nikimuuliza husema tu yote ni mazuri; yeye ndiye atakayekuletea barua hii. Nimeifunga kwa gundi, na si kwamba simwamini mwanangu.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hatujawahi kuandikiana, wala kuzungumza. Tangu mlipokuja kuposa nimekuona mgongo tu, nawe sidhani kama ungenitambua tukipishana sokoni. Najua siku hizi kuna watu wanaokumbatiana na wakwe zao mlangoni mwa kanisa na kupigwa picha. Wao na mambo yao. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mkwe hamtaji mama wa mkewe kwa jina. Mama yangu aliishika nthoni mpaka tukamzika, na haikumpunguzia kitu.

Sasa sikia taabu yangu. Unajua nimekuwa nikisomea digrii ya ualimu wakati wa likizo. Nilianza zamani, nikaacha Kiende alipoingia chuo, nikarudi tena. Limebaki somo moja tu, Stadi za Mawasiliano. Na chuo kimetangaza kwamba mpango huu wa sisi walimu unafungwa. Asiyemaliza mwaka huu ndiyo basi. Mwakani nastaafu. Nimefundisha watoto wa watu mpaka wengine sasa ni wakubwa wangu kazini, na nataka nitoke nikiwa na digrii yangu mkononi. Sitaki kukaa nyumbani uzeeni nikisimulia jinsi nilivyokaribia kuipata.

Somo lenyewe wamelihamishia mtandaoni. Juzi nilifungua kishikwambi changu, nikatia nywila, nikafika kwenye ratiba, na mahali pa mhadhiri nikakuta jina lako. Nilikizima nikaenda kumenya viazi.

Baba Igoki, nitafutie mwalimu mwingine. Sitaki upendeleo, na sitaki kusikia mtu akisema nilipewa alama na mkwe. Na tafadhali usinipigie simu. Nijibu kwa barua.

Mama yenu,
Mama Kiende


Embu,
27 Mei 2018

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Baba pia, na mwambie nampa pole ya kikohozi. Kiende ni mzima ingawa zamu za usiku bado zipo. Igoki ameota meno mawili na la kwanza alilijaribia kwenye kidole changu. Wazazi wangu kule Kianjokoma wanawasalimu sana. Wanasema majani ya chai yamekubali mwaka huu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, maana sikuona kama inafaa kuisoma nimekaa. Kusema kweli nilikuwa nimeshaliona jina lako kati ya wanafunzi, nikajiambia huenda ni mtu mwingine, huku najua vizuri kwamba hakuna mwingine. Nikanyamaza nikingoja lijiondoe lenyewe.

Nimekwenda kwa Dkt. Phyllis, mkuu wa idara yetu, nikamweleza yote. Alisema hakuna mhadhiri mwingine wa somo hili. Aliyekuwepo ameenda Nairobi na hajaletwa wa kushika nafasi yake. Lakini amekubali jambo moja kubwa. Kazi zako zote atazisahihisha yeye mwenyewe, na mimi sitaziona hata kwa mbali. Kazi yangu itakuwa kufundisha tu.

Kuhusu nthoni, Mama, nimefikiri hivi. Nitafunga kamera yangu, nawe ufunge yako. Nitakuwa sauti tu, kama redio. Msomaji wa habari anaingia nyumbani kwako kila jioni na hamjaoneana haya. Ukiona alama ya maikrofoni ni nyekundu, ujue hatukusikii. Ukiigusa, darasa zima litakusikia, pamoja na ng'ombe.

Nami pia nina langu, na nitakuambia bila kuficha. Darasa hili la mtandaoni nililiomba mimi. Wenzangu wengi wanasema mawasiliano hayafundishwi kwa mashine, na wanangoja niaibike. Wanafunzi ni walimu kama wewe, wametapakaa kutoka Tigania mpaka Siakago, na wote wako kimya. Nikiuliza swali nasikia kuku wa mtu tu. Kwa hiyo usiache somo, Mama. Jaribu.

Mkweo,
Mbogo


Kiirua,
24 Juni 2018

Baba Igoki, mkwe wetu,

Salamu kwa wote wa nyumba yako. Huku tunaendelea kwa neema. Kikohozi cha Baba Kiende kilikuwa kimepoa, kisha wewe ukakirudisha, na nitakuambia jinsi ulivyokirudisha.

Siku ya somo la kwanza nilikaa mapema, nimevaa vizuri ingawa hakuna wa kuniona, na Baba Kiende amevuta kiti kando yangu ili asikie chuo kikuu kinavyosema. Saa ikafika, kishikwambi kikafunguka, na nani yule katikati ya kioo? Wewe, kamera wazi, na kiazi kitamu mdomoni. Yaani sijawahi kumwona mkwe wangu uso, na siku ya kwanza ninayomwona, namkuta anatafuna. Nilirusha leso juu ya kishikwambi nikakimbilia zizini. Baba Kiende alicheka mpaka kifua kikamfunga, na nilipomfokea akasema kiazi chenyewe kilionekana kizuri.

Tangu hapo nasoma leso ikiwa juu. Nakusikia bila shida. Nikitaka kuandika neno kwenye ule ukurasa wa gumzo, nainua pembe moja tu, naandika, naishusha.

Nitasema ukweli, unafundisha vizuri. Huna haraka, na hujifanyi Mzungu. Nimeona pia kwamba ukiita majina mwanzoni mwa kipindi, unafika karibu na langu, unakohoa kidogo, unaruka. Nikamwambia Baba Kiende, huyu kijana alilelewa. Asante kwa heshima hiyo.

Lakini kitabu cha somo hakinipendezi. Kuna mahali kinasema mzungumzaji amtazame msikilizaji machoni, na anayeinamisha macho haaminiki au ana la kuficha. Nimesoma hapo mara nyingi. Aliyeandika hakuwa na mkwe. Mimi nimefundisha watoto wa huku Buuri maisha yangu yote, na mtoto akiinamisha macho mbele yangu najua ananisikia. Ni yule anayenikazia macho ambaye huwa tayari ameruka ua moyoni. Sasa mtoto wa watu asome hiki kitabu, aende kwenye mahojiano ya kazi, aanze kumwona mama yake kuwa mwongo kwa sababu haangalii watu usoni. Hilo ni somo gani?

Nimesema. Kama nimevuka mpaka, nisamehe, ni ualimu.

Mama yenu,
Mama Kiende


Embu,
1 Julai 2018

Kwako Mama,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Igoki anasimama sasa, akishika meza. Kiende amepewa zamu za mchana, nyumba imepata amani.

Kuhusu kiazi, sina pa kuuficha uso. Nilidhani kamera imefungwa. Nilisikia kama kitu kimeanguka upande wa pili, halafu kicheko cha mzee, nikajua hapo ni kwetu. Kiende aliposikia habari hiyo alilala sakafuni akicheka. Tangu hapo nakula kabla, na mlango nimefunga.

Sasa nikupe habari njema. Yale uliyoandika kuhusu macho niliyapeleka darasani bila kusema ni ya nani. Nilisema tu, mwalimu mmoja anauliza hivi, ninyi mwaonaje? Mama, lile darasa la mabubu lilishika moto. Mwalimu wa Siakago aliandika kwamba alinyimwa kazi kwa sababu alitazama meza. Mwingine wa Chuka akasema kwao ni vivyo hivyo kwa baba mkwe. Wengine walibisha, wakasema mambo hayo yamepitwa na wakati, wakajibiwa papo hapo. Kipindi kilikwisha na hawakutaka kutoka. Hata Dkt. Phyllis, aliyekuwa akisikiliza kimyakimya, aliniuliza ni nani aliyewasha ule moto.

Kwa hiyo naomba ufikirie. Kila mwanafunzi atatoa mada mwishoni mwa somo. Chukua hii. Zungumza juu ya nthoni na namna watu wanavyoelewana bila kutazamana. Kitabu hakina sura hiyo, na hakuna mwingine atakayeiandika.

Kuhusu jina lako, hapana cha kushukuru. Si kwamba nakataa kulitaja. Ulimi wenyewe unagoma.

Mkweo,
Mbogo


Kiirua,
12 Agosti 2018

Baba Igoki,

Salamu.

Leo nimepata ujumbe kutoka chuoni. Umeandikwa hivi, kwamba mwanafunzi huyu hakuhudhuria kipindi hata kimoja cha Stadi za Mawasiliano, na kwa hiyo hatatoa mada wala hatafanya mtihani.

Sijamwonyesha Baba Kiende. Nimekaa nao peke yangu tangu asubuhi nikiutazama, na nimeuelewa polepole. Ukiita jina, mtu akaitika, unamwekea alama kwamba yupo. Mimi hukuniita. Mimi nilikuwa chini ya leso nikisema moyoni, mkwe wangu ana adabu, nawe ulikuwa ukiniruka mimi mwenyewe. Nami sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukosa haya. Tumeheshimiana mpaka nimefutika.

Nimekasirika, Baba Igoki. Nisiseme uongo. Heshima yako imeninyima digrii.

Mama Kiende


Embu,
19 Agosti 2018

Kwako Mama,

Nakusalimu nikiwa nimeinama. Sitauliza habari za viazi leo.

Ni kama ulivyosema. Nikiita jina na mtu akaitika, nabonyeza alama. Lako nililiruka kwa mdomo, na kidole nacho kikafuata mdomo. Sikukumbuka hata mara moja kwamba mashine haijui nthoni. Ni mimi ninayefundisha mawasiliano, na nimemfanyia hivi mama wa mke wangu. Siku niliyokuja kwenu kuposa nilijaa haya, lakini haya ya siku ile ilikuwa ndogo.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dkt. Phyllis kabla hajafika. Nilimwambia kosa ni langu, wewe huna hata doa. Mwanzoni alicheka. Aliponiona sichekelei akaacha, akaniambia nikae. Mfumo wetu hurekodi kila kipindi, Mama, na maneno yote ya kwenye gumzo hubaki. Tulikaa naye tukapitia kipindi baada ya kipindi. Ulikuwepo. Kila siku ulikuwepo, na kila siku uliandika. Tulipofika pale ulipomsahihisha yule mwalimu wa Chuka methali aliyoikosea, alisema huyu si mtu wa kuandikiwa kwamba hayupo. Akaenda mwenyewe ofisi ya mitihani. Alikaa huko muda mrefu, akarudi na jibu.

Wamekurudisha. Lakini wameweka sharti. Wanasema kamera iliyofunikwa leso haiwezi kuthibitisha ni nani aliyeandika. Kwa hiyo mada yako utaitoa moja kwa moja, Jumamosi tarehe nane Septemba, kamera wazi, mbele ya Dkt. Phyllis na wahadhiri wengine wawili, darasa zima likisikiliza, na watauliza maswali. Huo ndio utakuwa mtihani wako, na usipopita siku hiyo, hakuna siku nyingine. Mimi sitakuwa chumbani. Nimeomba hivyo, wakakubali.

Sina haki ya kukuomba kitu, lakini naomba usikatae kwa sababu yangu.

Mkweo,
Mbogo


Kiirua,
26 Agosti 2018

Baba Igoki, mkwe wetu,

Salamu kwa Kiende na kwa mtoto. Sisi ni wazima. Samahani yako nimeipokea. Bado haijashuka mpaka tumboni, lakini imepita kooni.

Nitafanya. Mwalimu mkuu amenipa chumba cha vishikwambi vya watoto pale shuleni, kwa sababu nyumbani stima hupotea ikiona mawingu. Baba Kiende ananisikiliza kila jioni na amejipa kazi ya mtahini. Jana aliniuliza bei ya mbolea inahusianaje na mawasiliano. Nikamjibu kwa ukali kidogo, akasema basi nimeshaiva.

Nitakuambia kinachonitisha. Si wahadhiri. Mimi nimesimama mbele ya watoto maisha yangu yote na mbele ya wakaguzi waliokuja na sura za kupasua kuni. Kinachonitisha ni kwamba nitasimama kueleza jambo letu la nyumbani mbele ya watu walio na vyeo, halafu wacheke. Wakinicheka mimi, sawa. Wakiicheka nthoni ya mama yangu, sijui nitaweka wapi mikono.

Tuombeeni.

Mama yenu,
Mama Kiende


Embu,
9 Septemba 2018

Kwako Mama,

Salamu, salamu, na tena salamu. Jana sikuweza kuandika kwa furaha.

Unajua matokeo, Dkt. Phyllis alikuambia mwenyewe. Lakini hujui yaliyotokea upande huu, na mtu wa kukusimulia ni mimi. Niliahidi kutokuwa chumbani, na sikuwa. Nilikuwa nje, chini ya dirisha la ofisi yake, kati ya maua, na mtunza bustani akanitazama kwa huruma. Dirisha lilikuwa wazi na Dkt. Phyllis hupenda sauti juu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yako, Mama. Nilidhani itakuwa kubwa. Kumbe ni ya taratibu, na kila neno limeoshwa.

Ulianza kwa Kiingereza kilichotulia. Ulieleza mtu anavyotuma habari kwa mkwe wake kupitia mtoto, kupitia mlango, kupitia namna sahani ilivyofunikwa. Nilisikia mmoja wa wahadhiri akiacha kubonyezabonyeza simu yake. Ukasema kitabu cha somo kimewafundisha watu kupima ukweli kwa macho na kimesahau kwamba wengine tunaupima kwa subira. Hapo nilifumba macho. Niliogopa wangecheka, Mama, niliogopa pamoja nawe.

Kisha Dkt. Phyllis akauliza lile swali lake. Namjua, halei mtu. Alitaka kujua kama hii nthoni si njia tu ya kuwaziba wanawake midomo na kuiita heshima. Nikajua sasa ndipo mahali penyewe. Nawe ukakiweka Kiingereza kando, ukamjibu kwa Kiswahili, nami nimeyashika maneno yako kama yalivyokuwa:

"Daktari, mtu aliyezibwa mdomo hujui anawaza nini. Mkwe wangu anajua sana ninachowaza. Muulizeni. Barua zangu anazo."

Walicheka, Mama, lakini si kile kicheko ulichokiogopa. Baadaye Dkt. Phyllis aliniambia kwamba wakati huohuo kamera za wanafunzi zilianza kufunguka, moja baada ya nyingine. Nyuso ambazo hatukuwa tumeziona tangu somo lianze, walimu wa Siakago na Tigania na Chuka, wakipiga makofi bila sauti kwa sababu wamesahau kufungua maikrofoni. Amekupa A. Aliniambia hajampa mtu A katika somo hilo tangu aje, na kwamba darasa la mtandaoni litaendelea mwakani kwa wanafunzi wengine wa chuo. Wenzangu waliokuwa wakingoja niaibike sasa wananiuliza wao wataanzaje.

Nilitoka kwenye yale maua nikaenda zahanatini kumwambia Kiende. Alipiga kelele mbele ya wagonjwa. Nilifurahi kupita nilivyofurahia digrii zangu mwenyewe.

Sasa kuna jambo. Mahafali ni Ijumaa tarehe ishirini na tatu Novemba. Siku hiyo kila kitivo humtoa mhadhiri mmoja wa kuyasoma majina ya wanaofuzu, na chetu kimenipa mimi. Jina lako litakuwemo. Naweza kuomba mwingine asome. Naweza pia kusoma mengine yote na kumpisha mtu asome lako tu, ingawa litakuwa jambo la ajabu mbele ya umati. Nilishaliruka mara moja na unajua lililotokea. Halijawahi kupita mdomoni mwangu. Niambie nifanye nini, nami nitafanya hivyo hivyo.

Mkweo,
Mbogo


Kiirua,
30 Septemba 2018

Baba Igoki, mkwe wetu,

Salamu za furaha. Baba Kiende ametangaza habari zangu mpaka kwa watu wa magari ya viazi. Anaitwa sasa Baba Digrii, na anaitika. Kikohozi kimekwisha, kumbe kilikuwa kinangoja kazi.

Swali lako limenikalisha siku nyingi. Nilitaka kumuuliza dada yangu mkubwa, nikaacha, kwa sababu najua angesema nini na angeongeza maombi.

Nimekumbuka kitu. Mimi jina langu watu hawalitumii. Shuleni ni Mwalimu. Kanisani ni Mama Kiende. Baba Kiende huniita Wewe, na akitaka kitu kikubwa huniita Mwalimu. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyeniita kwa jina alilonipa yeye. Wala sijalalamika, sikuwa nimeona kwamba limekwenda. Nililiona siku ile ya ule ujumbe, kwamba jina la mtu likirukwa sana, mwisho mtu mwenyewe anahesabiwa hayupo.

Kwa hiyo nasema hivi. Nthoni ni ya nyumbani. Mtu akivaa joho, akasimama pale juu, si mkwe wa mtu, ni chuo. Chuo hakinionei haya. Ukiweza, lisome. Lisome lote, majina yote matatu, na lile la katikati ulitamke kwa Kimeru, si kama mnavyotamka ninyi watu wa Embu. Usipoweza, mpe mwingine, sitakasirika. Ila sitaki kurukwa tena.

Mama yenu,
Mama Kiende


Kiirua,
25 Novemba 2018

Baba Igoki, mkwe wetu,

Salamu kwenu. Tulifika salama, miguu imevimba, moyo umejaa.

Hukujibu barua yangu. Kiende alikuja mara mbili mikono mitupu, nikimuuliza anasema una kazi nyingi, akitazama pembeni. Kwa hiyo nilikwenda mahafalini bila kujua. Nilikaa kati ya wale watoto wadogo wenye majoho, jua likituchoma, nikijiambia kwamba hata akisoma mwingine, digrii ni ileile. Alipoanza mtu nisiyemjua kuyasoma majina, nikajua umeshindwa. Nikakusamehe hapohapo. Kumbe kilikuwa kitivo kingine.

Kisha ukapanda wewe. Sikukutazama, nilijua kwa sauti. Ulisoma vizuri, kila mtu na jina lake, bila haraka. Ukafika walipo watu wa herufi M, na ukanyamaza. Ulinyamaza sana. Nilisikia watu wakianza kunong'ona, na nikasikia ukinywa maji kwenye kipaza sauti. Nikasema moyoni, atakohoa, ataruka.

Ukasema: "Marcella Ciakuthii Muthamia."

Ulilitamka kama mama yangu alivyokuwa akilitamka. Nililia, Baba Igoki, nasema wazi, nililia na kofia ikanishukia usoni. Nyuma kule watu wa Kiirua walipiga vigelegele mpaka wakaombwa watulie, na Baba Kiende, mtu mzima, alisimama juu ya kiti cha kukodi. Nilipopita mbele yako kwenda kumwinamia mkuu wa chuo, wewe ulitazama karatasi yako nami nikatazama viatu vyangu. Wageni walidhani hatujuani.

Kiende amenifichulia sasa. Anasema hukujibu kwa sababu hukutaka kuahidi usichokiweza, na kwamba ulikuwa ukienda kila Jumapili katikati ya majani ya chai kule Kianjokoma kujifunza kulisema, mpaka mama yako akaanza kuuliza kama kijana wake ana homa. Nimecheka na nimelia tena. Mwambie mama yako kijana ni mzima.

Digrii imetundikwa ukutani, juu ya picha ya harusi yenu. Shuleni wameniomba niwafundishe walimu wenzangu kutumia mtandao kabla sijastaafu, na nimekubali.

Krismasi mje wote. Utapitia mlango wa nyuma kama siku zote, na chakula chako kitakuwa katika nyumba ile nyingine, kimefunikwa. Lile jina uliache hukohuko chuoni.

Mama yenu,
Mama Kiende